Boti kwenda, ndege kurudi: nilivyompeleka baba Mafia

Watu wakiniuliza kuhusu safari ya Mafia huanza na nauli: boti bei gani, ndege bei gani? Mimi nilianza na kalenda ya mwezi. Baba yangu ana goti linalomsumbua, na alishuka Kilindoni kwa miguu yake mwenyewe bila kubebwa na mtu. Naamini kalenda ile ilichangia kuliko hela niliyolipa.

Kisiwa chenyewe kimo mkoa wa Pwani, mbele ya midomo ya mto Rufiji. Ukiwa Dar es Salaam una njia mbili za maana. Ya kwanza ni ndege ndogo kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, safari ya nusu saa na dakika kidogo. Ya pili ni barabara ya Kilwa mpaka Bungu, wilayani Kibiti, unakata kushoto kuelekea Nyamisati, halafu unavuka kwa boti za abiria au kwa kivuko cha serikali, MV Kilindoni, kinachoendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko. Wapo watakaokwambia kuna majahazi ya mizigo yanayopeleka nazi bara na kurudi na saruji, na kwamba nahodha akikujua anakupakia. Mimi sikulifikiria hilo hata dakika moja. Chombo cha mizigo hakina nafasi ya mtu, hakina jaketi za kuokolea za kutosha, na kikipata shida nje huko hakuna orodha inayoonyesha kwamba ulikuwemo. Panda chombo kilichosajiliwa na kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na uhakikishe jina lako limeandikwa.

Ndege ingekuwa rahisi. Lakini baba alikuwa mwalimu wa jiografia, Singida, na kwa miaka yote ya kazi alichora delta ya Rufiji ubaoni bila kuiona. Nilipomwambia tunaweza kuruka, alinijibu, "Mwanangu, utanipitisha juu ya kitu ninachotaka kupita ndani yake?" Basi. Tukakubaliana boti kwenda, ndege kurudi, maana nilijua akishachoka na matembezi hatakuwa na nguvu za kurudia barabara ile.

Sasa kalenda. Pwani yetu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na tofauti si ndogo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kati ya maji kujaa na kupwa kunaweza kuwa na zaidi ya mita tatu. Maji yakipwa kiasi hicho, boti inakaa chini kabisa ya gati, na kushuka ndani yake ni kazi hata kwa kijana. Mkondo nao huwa mkali, hasa pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana na mkondo hutulia. Wavuvi huhesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu: bamvua karibu na mwezi mosi na kumi na tano, maji mafu karibu na saba au nane, kisha ishirini na mbili au tatu. Kuna faida nyingine ambayo kwa mzee ni kubwa. Kwa bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, lakini siku za maji mafu hujaa katikati ya asubuhi. Mtu anapanda chombo mchana kweupe, ameshakunywa chai, anaona anapokanyaga.

Kwa hiyo nilichukua kalenda ya msikiti wa mtaani kwetu, nikatafuta maji mafu yanayoangukia mwishoni mwa Oktoba. Oktoba nayo sikuiokota tu. Upepo wa kusi huwa umekwisha, wa kaskazi haujashika, na kipindi hicho cha katikati, malelezi, bahari hupoa. Tena ndiyo mwanzo wa msimu wa papa potwe, ambao huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi, na wanangu walikuwa wamenisumbua kuhusu hao potwe tangu shule ifunguliwe. Anayepanga safari mwezi wa nne au wa tano, masika yakinyesha, namshauri wazi achukue ndege. Barabara ya udongo na bahari iliyochafuka kwa siku moja ni vingi mno.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilifuatilia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hasa tahadhari za upepo na mawimbi, halafu nikampigia simu wakala wa boti. Sikumuuliza kama boti ipo. Nilimuuliza, "Kaka, keshokutwa maji yanajaa saa ngapi hapo, na nahodha amepanga kung'oa nanga saa ngapi?" Anayekujibu swali hilo bila kusitasita ni mtu unayeweza kumkabidhi mzazi wako.

Mabasi ya Nyamisati huanzia Mbagala Rangi Tatu. Nilikwenda mapema nikamwombea baba kiti cha mbele jirani na dereva, anyooshe mguu. Lami ni nzuri kupita Mkuranga mpaka Bungu. Baada ya kukata Bungu, tulipopita sisi, sehemu kubwa ilikuwa vumbi na mashimo, na nilikuwa nimebeba mto mdogo wa kuweka chini ya goti. Tulilala Nyamisati. Gesti ni za kawaida tu. Beba chandarua chako, maana uko katikati ya mikoko na mbu wa huko hawana utani. Usiku ule tulikula samaki wa kukaanga na wali kwa mama mmoja karibu na bandari, na huyo mama ndiye aliyetuambia tukae upande gani wa boti ili jua la asubuhi lisituchome.

Asubuhi maji yalikuwa yamejaa vizuri, boti imeinuka karibu usawa wa gati. Nahodha alimwamkia baba, "Shikamoo mzee wangu, nipe mkono." Hatua moja, akawa ndani. Nilikuwa nimeiwazia hatua hiyo kwa wiki nzima.

Mwanzo wa safari ndio utamu wake. Kabla ya kuifikia bahari chombo hupita kwenye mkono wa mto, mikoko imesimama pande zote mbili, na hapo unaelewa kwa nini wanasema hii ndiyo mikoko mingi kuliko yote Afrika Mashariki mahali pamoja. Baba aliwaita wajukuu wake, akawaonyesha mizizi iliyo juu ya tope, akawaeleza jinsi mto unavyoleta udongo na mikoko inavyoushika. Akawasimulia pia kwamba mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta hii, na Waingereza walipoteka Mafia mwanzoni mwa 1915 walirusha ndege kutoka kisiwani ili kuongoza mizinga yao, mpaka ikaangamizwa Julai mwaka huo. Abiria wa jirani walinyamaza wakamsikiliza. Mmoja akasema amezaliwa Mafia na hakuwahi kuelezwa hivyo. Sijapata kumwona baba ana furaha namna ile tangu astaafu.

Tulipotoka kwenye mdomo wa mto, boti ilianza kucheza. Mtoto wangu mdogo alitapika kidogo. Nilikuwa na tangawizi, ndimu na mifuko ya kutosha, na nilikuwa nimewanyima wote chai ya maziwa asubuhi. Kaeni nyuma, si mbele, kwa sababu mbele ndipo chombo kinapopiga mawimbi.

Kilindoni unashukia gatini na bajaji zinakungoja. Wengi wanakimbilia Utende, kama kilomita kumi na tano hivi, na kule lazima ulipe kiingilio cha Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ambacho kwa raia ni nafuu. Sisi tulikaa Kilindoni palepale. Potwe wako mbele ya mji, gesti ni za bei ya kawaida, na baba aliweza kutembea jioni mpaka sokoni kwa fimbo yake.

Ndege ya kurudi nilikuwa nimeikata mapema kabisa, kwa sababu viti havizidi kumi na kitu na hujaa msimu wa potwe. Mizigo ni kilo 15 kwa mtu, na wanataka begi laini, si sanduku gumu. Mwombeeni mzee kiti cha kushoto, kwani ukielekea Dar upande huo ndio unaotazama bara na delta. Na kwa ndugu zetu wanaotoka Uarabuni au Ulaya kuunganisha safari: ndege kubwa hutua Jengo la Tatu, hizi ndogo huondokea Jengo la Kwanza, na ni majengo mawili yaliyo mbali. Utahitaji teksi, basi acha muda wa kutosha katikati.

Kilo 15 hazikutosha, kwa kuwa mama alituagiza nazi na pweza mkavu. Nilivifunga kwenye kiroba, nikaandika jina na namba ya simu, nikampa kijana wa boti ya asubuhi akikabidhi kwa kondakta Nyamisati, na nikawalipa wote wawili. Sisi tulifika nyumbani adhuhuri. Kiroba nilikichukua Rangi Tatu jioni ileile, nazi zote zimo.