Kubadilisha diski inayokufa kwenye RAID 5 bila kuitoa kwanza

Seva ya Linux, diski 4 za TB 4 katika RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na moja ikifa data inabaki), zikisimamiwa na programu ya mdadm. `smartctl -a /dev/sdc` (inayosoma afya ya diski) ilionyesha Current_Pending_Sector 48, yaani sekta 48 zinazoshindwa kusomeka vizuri, na kila siku inapanda. Diski ilikuwa bado inasomeka, na hapo ndipo pa kuwahi: ukiing'oa, RAID 5 inabaki bila akiba yoyote, na sekta moja mbovu kwenye diski nyingine inatosha kukuharibia faili.

Kwa hiyo sikuitoa. Nilichomeka mpya kwenye nafasi ya tano, nikanakili mpangilio wa patisheni kutoka sda iliyo nzima kwenda sde, ile mpya, kisha nikaipa vitambulisho vyake (-G):

`sgdisk -R /dev/sde /dev/sda`
`sgdisk -G /dev/sde`

Soma mara mbili kabla ya kubonyeza: inayofuata -R ndiyo inayoandikwa juu. Ukigeuza, umefuta patisheni za diski yenye data.

`mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1`
`mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdc1 --with /dev/sde1`

Data inanakiliwa kutoka sdc yenyewe. Pasiposomeka tu ndipo inakokotolewa kutoka zile 3. Kwa wastani wa MB 130 kwa sekunde, ni saa 8 na nusu hivi. `cat /proc/mdstat` inaonyesha asilimia. Ikimaliza, sdc1 inapata alama (F), yaani mbovu, ndipo `--remove`.

Kabla ya kuchomoa, linganisha namba ya utambulisho (serial) iliyo kwenye lebo ya diski na ile ya smartctl. Majina kama sdc hubadilika mashine ikiwashwa upya, mtu akachomoa iliyo nzima. Na diski za SMR (ambazo njia zake za kuandikia data hupandiana) ziache dukani: zikiandikwa mfululizo kasi huporomoka, na nyingine hutemwa na RAID katikati ya kazi.