Nilivyotunga kwa safu ya noti 12, wanakwaya wakaiimba

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Dodoma, na kwetu wimbo ukitangatanga sana lazima mwishoni urudi kwenye do. Mtunzi Arnold Schoenberg wa Vienna, miaka ya mwanzo ya 1920, alizipa noti zote 12 za kinanda, nyeupe na nyeusi, haki sawa, bila do ya kurudia. Unazipanga kwenye safu bila kurudia hata moja. Kisha unaipiga ilivyo, au kuanzia mwisho, au kwa kuipindua ili palipopanda pashuke, au vyote viwili pamoja. Ukibadilisha noti ya kuanzia, safu moja inazaa 48.

Nota za do re mi zilinikwamisha. Nikiandika so tu, kichwa kinadai do. Nikazipa noti namba kwa kila nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda), C ikawa 0 na B ikawa 11, nikafungua daftari la hesabu. Safu ya Opus 25 (kazi namba 25) ya Schoenberg, ya piano, ni 4 5 7 1 6 3 8 2 11 0 9 10. Ili kuipindua, toa kila namba kwenye 8. Ikija hasi, ongeza 12. Unapata 4 3 1 7 2 5 0 6 9 8 11 10. Mwanzo na mwisho havijaguswa, na 7 1 imegeuka 1 7 palepale ilipokuwa. Mzee alipiga hesabu huyu!

Basi nami nikatafuta safu yenye ndugu ndani yake: 0 1 5, 11 10 6, 2 3 7, 9 8 4. Kipande cha kwanza kinapanda nusu toni moja, halafu nne; cha pili kinashuka vivyo hivyo; cha tatu kinapanda, cha nne kinashuka. Soprano wangu wakajifunza kupanda na kushuka huko tu, kinanda kikiwapa noti ya kuanzia kila kipande. Kuruka kutoka 5 hadi 11 kuliwasumbua, nikaweka pumzi hapo. Nilitamani ilimba ya Kigogo, ala ya kupiga kwa vidole gumba, iwasindikize, ila yenyewe haifuati nusu toni za kinanda, ikabaki ukutani.

Ukitaka kusikiliza, usianze na Opus 25. Anza na konseto ya vayolini (vayolini ikisindikizwa na okestra) ya mtunzi Alban Berg ya 1935. Safu yake imebeba kodi (noti zinazopigwa pamoja) za meja na maina tulizozizoea, kwa hiyo sikio halishtuki sana.