Waridi ndani ya wanzuki

Nilipanda treni Dodoma kwenda Tabora nikiwa na chupa ya mvinyo mwekundu na swali lililowachekesha wenzangu behewani: mbona mvinyo hunukia vitu ambavyo havimo? Vanila haina fumbo. Mvinyo ukilazwa kwenye mapipa ya mwaloni hunyonya vanilini, ileile wanayoitumia watengeneza manukato. Lakini waridi je? Chupa iliisha kabla hatujafika, waridi nikalinusa kwa mbali tu.

Tabora sokoni, asali ya miyombo inauzwa hadi kwenye chupa za maji. Mimi nilivutwa na meza ya mama mmoja muuza udi na marashi. Mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya kutoka pwani, na mambo ya pwani hayajauhama. Mama akanimiminia marashi ya waridi kiganjani. "Nusa taratibu, mwanangu. Usiyavamie."

Jioni nikapelekwa kilabuni kunywa wanzuki, pombe ya asali. Nikaingiza pua kwenye kikombe kabla ya mdomo (tabia mbaya kilabuni, watu wanadhani unaidharau pombe yao). Kwanza asali, kisha uchachu. Halafu, nyuma kabisa, kiganja cha mchana.

Hakuna aliyetia ua humo. Ni kazi ya hamira: inapochachusha, huchukua asidi amino iitwayo fenilalanini na kuigeuza kuwa feniletanoli, kemikali yenye harufu ya waridi. Hufanya hivyo kwenye zabibu, hufanya hivyo kwenye asali. Ua la waridi nalo hujitengenezea feniletanoli yake bila hamira. Na kwa kuwa kemikali hii huyeyuka vizuri majini, petali zikikenekwa (zikichemshwa na mvuke wake kupozwa) sehemu yake kubwa hubaki kwenye maji badala ya kupanda na mafuta juu. Maji hayo ndiyo marashi yetu. Kwa pua yangu, yanakaribia wanzuki kuliko yanavyokaribia mafuta ghali ya waridi.

Kesho yake nikampelekea mama habari. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kizibo cha chupa yake.

"Astaghfirullahi! Haya ni ya maulidi, mwanangu. Hiyo hamira yako iache hukohuko kilabuni."

Nilinunua chupa mbili. Bei hakupunguza.