Filamu ya goti iliyolala chini ya godoro

Jumanne alikuja mama mmoja, sabini na ushee, goti la kulia kawekewa la bandia miaka minne nyuma. Nikamwamkia, nikamwomba apande kwenye kidaraja asimame. Akanikazia macho. "Mwanangu, mie nikija eksirei hulazwa kitandani."

Goti la bandia hatulilazi kama mwenyewe anaweza kusimama. Ukilala, mguu hujifanya umenyooka. Uzito ukishuka ndipo utauona umepinda. Nikampiga ya mbele, ya ubavuni, kisha goti likiwa limekunjwa tuione pia ya goti.

Picha ilipotokea akachungulia, akashika mdomo. "Mbona vyuma vimeachana?"

Karibu kila mgonjwa huuliza. Pale katikati pana plastiki, na mionzi huipita kana kwamba haipo. Uwazi ule ndio tunautaka. Ukisinyaa upande mmoja, plastiki inalika. Saruji inayoshikiza vyuma kwenye mfupa nayo inaonekana nyeupe kwa kuwa imechanganywa na bariamu au zirkoniamu.

Mimi jicho langu lilikuwa kwingine: uzi mweusi chini ya bamba la ugokoni, kile chuma cha chini, kati ya saruji na mfupa, upande wa ndani. Haukufika milimita 2. Uzi wa namna hiyo waweza kuwapo tangu miezi ya mwanzo usiongezeke tena, na waweza kuwa dalili kwamba goti linalegea au limeingia vijidudu. Tena una hila: ukiinamisha mashine kidogo tu, unajificha nyuma ya chuma. Nilirudia picha mara moja.

"Mama, ile ya kwanza baada ya upasuaji unayo?"

Alikofanyiwa waliambiwa faili halionekani. (Hili hunichefua, lakini tuliache.) Kumbe filamu aliondoka nayo siku ileile. Kesho yake binti yake akaileta, imeviringishwa kwenye kanga, imeshika mikunjo ya godoro.

Tukaibandika kwenye sanduku la taa. Filamu ikichapwa picha mara nyingi hupunguzwa, kwa hiyo rula peke yake hudanganya. Daktari alipima uzi kwa kuulinganisha na upana wa bamba lenyewe, zamani na sasa. Ulikuwapo. Upana uleule. Maumivu hana, uvimbe hana, akaambiwa arudi mwakani.

"Basi hii nairudisha godoroni?"

Nikamtafutia bahasha ngumu. "Kabatini, mama. Nayo isimame."