Viza ya F-1, J-1 au H-1B: ipi ni yako?

Kijana wa Lamu akipata nafasi chuo cha Marekani, aangalie kwanza karatasi aliyotumiwa. I-20 ni ya viza ya F-1, ya mwanafunzi. DS-2019 ni ya J-1, ambayo huchukua pia watafiti na wahadhiri wageni. H-1B ni ya mwajiriwa, na hapo chuo ndicho kinachowasilisha ombi, si wewe.

J-1 isome vizuri jamani! Ukilipiwa na serikali, yetu au yao, unafungwa na sharti la kurudi kuishi nyumbani kwa miaka 2 kabla ya kupewa H-1B au ukaazi wa kudumu. Wengi hulijua wakiwa wameshachelewa.

Halafu ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 kwa F-1, kisha DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, na miadi ya ubalozi Nairobi. Kinachowakwamisha watu wetu ni jina: pasipoti inasema Mohamed, I-20 inasema Muhammad. Kiandikie chuo kirekebishe mapema, kabla hujavuka kwenda gati ya Mokowe, bara, kupanda basi. Na mwenye F-1 haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20, kwa hivyo tiketi ikatwe mwisho.