Dar hadi Uyole: kwenda na basi, kurudi na ndege

Mahari ya binamu yangu ilipangwa Jumamosi mchana, nyumbani kwa mama mdogo, Uyole, Mbeya. Ijumaa niko kazini mpaka jioni, Jumatatu asubuhi natakiwa ofisini. Kila niliyemuuliza jibu lake lilikuwa lile lile: panda ndege, saa moja na nusu uko Mbeya.

Saa moja na nusu ni kweli, ila hiyo ni ya angani. Kwa ndege Dar hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, ni kama kilomita 690. Kwa barabara ya TANZAM, ile ya kwenda Zambia, ni takriban 830, maana inazunguka Morogoro, Iringa na Makambako. Sasa mimi nakaa Kimara. Kufika Kipawa, uliko uwanja wa ndege, kunategemea Ubungo na Tazara zimeamkaje siku hiyo, na uwanjani unatakiwa mapema. Halafu uwanja wa Songwe uko upande wa Tunduma, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, na Uyole ni upande wa pili, unakoingilia ukitoka Dar. Yaani ndege inakupitiliza, kisha unalipa gari la kukurudisha: Mbalizi, Iyunga, Mafiati, Nane Nane, umebanwa katikati ya malori ya Zambia na Kongo. Nilipojumlisha, kutoka kitandani kwangu hadi sebuleni kwa mama mdogo, nikapata kama saa saba. Na ukungu wa Songwe asubuhi si wa kuuchezea siku ya mahari.

Basi je? Mwendo wake mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu 50. Hata lisiposimama popote, ni zaidi ya saa kumi. Ongeza Mikumi, ambako barabara inakata hifadhi na faini ya kila mnyama ukimgonga imeandikwa ubaoni, kisha mlima wa Kitonga, ambako lori moja likiharibika kwenye kona wote mnashuka kunyoosha miguu. Mimi huhesabu saa 13 hivi, na siamini kondakta anayeniambia kumi.

Ila tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Stendi ya Magufuli, Mbezi, ni jirani na kwangu. Ijumaa nilitoka kazini, nikaoga, nikala, nikapanda basi la usiku. Saa nyingi kati ya hizo ningezilala hata nyumbani, ingawa shingo haikukubaliana nami sana. Makambako kulikuwa na baridi ya kweli. Asiye na sweta alijuta. Asubuhi nilishuka Uyole kwenyewe, nikapanda bodaboda, nikafika wazee bado wanakunywa chai.

Kurudi ndiko nilikotumia pesa. Nilikata mapema tiketi ya ndege ya Jumapili alasiri, maana ukisubiri wiki yenyewe nauli inakuwa nyingine kabisa. Usiku huo nililala kwangu. Mchele wa Kyela alionifungia mama mdogo sikuthubutu kuupeleka kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Niliutuma kwa basi kama kifurushi, nikauchukua Mbezi Jumatatu jioni.

Kama mwenyeji wako yuko Vwawa au Tunduma, pindua hesabu yangu: Songwe iko upande wako, na ndege inakufaa kwenda na kurudi.