Maji Yaliyosalia

Masomo ya wiki: Ezekieli 34:17–19, Yohana 6:1–13

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Sura ya 34 ya Ezekieli tumezoea kuisoma kama karipio kwa wachungaji wabaya, na wahubiri wengi, nikiwemo mimi, huishia hapo tukiridhika kwamba waliokemewa ni viongozi. Kuanzia aya ya 17, hata hivyo, Bwana anawageukia kondoo wenyewe, na kosa analowashtaki nalo si wizi wala ibada ya sanamu, bali ni kwamba wamekula malisho mema kisha wakayakanyaga yaliyosalia, wamekunywa maji safi kisha wakayatibua kwa miguu yao, hata wenzao waliokuja nyuma wakalazimika kula kilichokanyagwa na kunywa kilichotibuliwa. Nabii hakemei kunywa. Anakemea namna ya kuondoka penye maji.

Kwa mtu anayeishi jangwani neno hili huenda likawa fumbo, lakini kwetu Mwanza halina haja ya kufumbuliwa. Maji tunayofungulia bombani yanavutwa kutoka Ziwa Victoria hilihili, pale Capri Point, na kusafishwa kabla ya kutufikia. Sato na dagaa wa mezani wametoka humo. Na waumini wetu wengi wamebatizwa humo. Mto Mirongo nao, unaopita katikati ya jiji, hufagia kila tulichokitupa mitaroni tangu kiangazi na kukimwaga ziwani mvua za kwanza zinaponyesha, ndiyo maana mitaa yetu huonekana safi kabisa siku ileile ambayo ufuko umechafuka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita, siku ya usafi ya nchi nzima, watu wapatao arobaini kutoka kanisani kwetu tulikwenda kuokota taka ufukweni upande wa Igombe. (Majirani zetu Wasabato walituma salamu kwamba siku hiyo ni ya ibada kwao, kisha wakaja Jumapili alasiri na kusafisha kipande kikubwa kuliko chetu. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, ingawa linatuuma kidogo.) Mifuko ya kubebea bidhaa, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, ilikuwa michache, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Kilichojaa ni chupa za maji na soda, vifuniko, vifungashio vile vyepesi vinavyopitisha mwanga, ndala za mguu mmoja, na vipande vya nyavu za nailoni vilivyojisokota kwenye mizizi ya matete hata ikabidi tuvikate kwa visu. Chupa kubwa zilikuwa zimepungua kwa sababu vijana wanaookota na kuuza kwa kilo hupita kila asubuhi. Kile ambacho hakina mnunuzi ndicho kinachobaki mchangani.

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya jiwe moja nilipoona chupa ndogo nne zikiwa na utepe wa zambarau uliofungwa shingoni. Utepe ule niliufahamu. Mwezi wa nane tulifanya ubatizo mahali hapohapo, na akina mama wa kamati ya maandalizi walizipamba chupa za wageni waalikwa kwa utepe ule ili zitofautiane na za watu wengine. Tuliimba, tuliomba, tukala pilau, tukapiga picha, tukapanda magari. Sikumbuki kama kuna yeyote kati yetu aliyeuliza chupa zimekwenda wapi. Nakumbuka kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetoa baraka za mwisho na kuwaambia watu waende kwa amani.

Nilizitia kwenye kiroba haraka, lakini mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa hatua chache kutoka hapo alikuwa amekwisha kuniona. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa amenizidi umri, naye akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba mchungaji, leo mmekuja kuokota za kwetu au za kwenu?" Nilimjibu kwamba ni za kwetu sisi. Akatikisa kichwa na kuendelea kutandaza dagaa wake, na baada ya kitambo akaniambia kwamba kila siku kabla ya kuwakusanya hulazimika kuwachambua, kwa sababu vipande vya plastiki vilivyochakaa huchanganyika na mchanga na kushikamana na samaki wabichi, na mnunuzi akivikuta humshusha bei.

Huyu ndiye kondoo aliyekuja nyuma yetu. Sisi tulikunywa kwanza.

Ni vyema pia tukaelewa kwa nini maji haya hayasamehi haraka. Ziwa letu ni pana, yapata kilomita za mraba 68,800, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Naili, unaoanzia Jinja, Uganda, na kufuata safari ndefu hadi bahari ya Mediterania. Sehemu kubwa ya maji haiondoki kwa mto huo. Huondoka kwa mvuke, ikipandishwa na jua, na jua halichukui plastiki. Linaikausha, linaipasua na kuifanya chenga, mpaka iwe ndogo kiasi cha kumezwa na samaki. Watafiti walionunua sangara na sato hapa Mwanza na kuwapasua walithibitisha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, kwamba samaki mmoja kati ya watano katika kila aina alikuwa na plastiki tumboni. Waliochunguzwa walikuwa wachache, ishirini wa kila aina, kwa hiyo simtishi mtu asile samaki, nami jioni ile nilikula sato. Nasema tu kwamba yaliyotibuliwa yamerudi mezani kwa aliyeyatibua.

Ndipo nilipoirudia habari ya Yohana, ambayo nimeihubiri mara nyingi bila kusimama kwenye aya ya 12. Watu wapatao elfu tano wameshiba kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, wamekaa nyasini ng'ambo ya ziwa la Galilaya, na Bwana aliyetoka kudhihirisha kwamba kwake chakula hakipungui anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Hakuwaachia kazi hiyo wenyeji wa mahali pale. Waliotumwa ni walewale waliogawa, nao wakainama mpaka vikapu kumi na viwili vikajaa, na mkutano haukuhesabiwa kuwa umekwisha kabla ya hapo. Vilikuwa vipande vya mkate, ambavyo ndege wangevimaliza kwa siku mbili. Chupa zetu zilikuwa pale tangu mwezi wa nane.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubaliana kwamba ubatizo ujao maji ya kunywa yatapelekwa kwa madumu na vikombe vya jikoni kanisani, na kwamba baraka za mwisho zitatolewa baada ya uwanja kukaguliwa. Utepe wa zambarau utafungwa kwenye viti.

Tulipokuwa tukiondoka siku ile, yule mama aliniita. Alikuwa amepepeta ungo wa kwanza wa dagaa waliokauka, na alichokipata, kijiuzi cha nailoni cha rangi ya buluu kisichozidi urefu wa kucha, alikiweka kiganjani mwangu pasipo kusema neno, akarudi kwenye kazi yake.

Tutakwenda tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukianzia mwaloni. Kila mmoja aje na kiroba na glovu, na wenye watoto wawavalishe viatu vya kufunika, maana vioo ni vingi upande ule.